Beki Anayeuza Rangi

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Pruchnik, wa kwanza kuamka ni Mama Irena, maana ndiye anayeendesha basi la shule. Wa pili ni Lamont Tillery, beki wa kati wa timu yetu ya Corliss, ambaye hukaanga mayai huku akinyoosha misuli ya miguu. Wa mwisho ni Halina, binti yake Irena wa miaka kumi na miwili, anayeamshwa mara mbili na bado hufika mezani na soksi moja.

Lamont si ndugu yao. Timu za madaraja ya chini hapa Pennsylvania, Marekani, hazina uwezo wa kumpangishia kila mchezaji nyumba, kwa hiyo familia za mjini hujitolea kuwapa chumba msimu mzima. Lamont alipewa chumba cha kaka yake Halina, aliyekwenda jeshini. Alikuja theluji ikiwa bado barabarani, na kufikia kiangazi alikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Aliosha vyombo, aligombea rimoti, na alipika kabichi vibaya kuliko mtu yeyote mtaani.

Halina alimjivunia kupita kiasi. Shule zilipofunguliwa timu ikiwa inaongoza, aliwatangazia wenzake kwamba mwakani Corliss itapanda Ligi Kuu. Siku hiyo hakusema uongo, ndivyo alivyoamini. Alizoea kutazama mpira wa Poland na marehemu babu yake, na huko timu inayoshinda hupanda.

Jioni, wakimenya viazi, alimwuliza Lamont watapanda lini. Lamont akacheka.

"Hapa hatupandi, mdogo wangu. Tukichukua kombe tunapiga picha, mwakani tunarudi daraja letu lile lile la tatu."

"Hata mkiwafunga wote?"

"Hata tukiwafunga wote. Hapa wanaangalia tajiri wa timu ana mali kiasi gani, na uwanja una viti vingapi. Anayeweza kupanda ni mchezaji mmoja mmoja, timu kubwa ikimwona ikamwita."

Halina akaendelea kumenya viazi. Kesho yake angeweza kuwaambia wenzake kwamba alikosea, na mambo yangeishia hapo. Lakini Colby Rusk, mvulana aliyekaa nyuma yake darasani, alikuwa ameshaanza kumwita "Mama Ligi Kuu," na jina lile lilikuwa tamu masikioni. Akaliacha liendelee.

Kulikuwa na jambo jingine alilolificha. Mshahara wa daraja la tatu ni mdogo, na mkataba wa msimu ukiisha nao hukatika. Kwa hiyo Lamont, akitoka mazoezini, alivaa aproni ya kijani na kwenda kuuza rangi na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi. Halina alijua, na alimwomba Mungu wenzake wasijue.

Timu ikaingia fainali, na fainali ikapangwa kuchezwa hapa hapa Corliss. Darasa la Halina likaamua kutengeneza bango kubwa, na yeye, Colby na rafiki yao Tessa wakatumwa rangi. Halina alijitahidi kuwashawishi waende duka la mbali. Wenzake wakamshangaa, kwani duka lilikuwa mkabala na shule.

Walipoingia, Colby alisimama ghafla. "Halina, yule si Lamont wenu?"

Halina akatikisa kichwa. "Lamont? Wapi! Mchezaji wa kulipwa atafute nini kwenye makopo ya rangi? Huyo kafanana naye tu. Na Lamont hawezi kuvaa aproni chafu namna hiyo."

Alisema kwa sauti kubwa ili aaminiwe. Alipogeuka, Lamont alikuwa hatua chache nyuma yake, ameshika kopo. Alimtazama Halina kidogo, kisha akavuta kofia yake chini.

"Wengi hunifananisha naye," akasema kwa upole. "Mnataka rangi gani, wadogo zangu?"

Halina alitamani ardhi ipasuke immeze. Kama Lamont angemkemea mbele ya wote, angepata la kujibu. Lakini alikuwa amemsitiri, na sitara ile ilimchoma kuliko kemeo lolote. Alitoka dukani ameinamisha kichwa, hata hakusikia Tessa akimwuliza kama anaumwa.

Jioni ile Lamont alikaa nao mezani kama kawaida. Walipomaliza kula, alimweleza Mama Irena kwamba baada ya fainali angehamia kwenye vyumba wanavyokaa wachezaji wenzake, asiendelee kuwabana. Mama akamwuliza nani amemwambia kwamba anawabana. Lamont akajibu kwamba hakuna, akaenda kulala mapema. Halina akabaki akikusanya sahani. Alijua vizuri ni nani anayemfukuza.

Jumamosi uwanja ulifurika, na Corliss ikashinda bao moja kwa bila. Kama ilivyo desturi yetu, baada ya mechi wachezaji walikuja kwenye uzio kuwashika mashabiki mikono. Darasa zima lilikuwa pale na bango lao, wakiimba, "Ligi Kuu mwakani!"

Lamont alipowafikia, Colby akamwambia kwa furaha, "Kaka Lamont, dukani kuna jamaa mmefanana kama mapacha!"

"Nimesikia," Lamont akajibu. Hakumtazama Halina. Akanyoosha mkono kwa mtoto aliyefuata.

"Ni yeye," Halina akasema.

Kelele zikapungua. Uso ulimwaka moto, lakini aliendelea. "Wa dukani ni yeye. Anakaa kwetu na anauza rangi, na mimi nilimkana mbele yake. Na timu haipandi. Aliniambia zamani, nikawaficha."

"Kumbe umetudanganya muda wote huu!" Tessa akasema, akaacha ncha yake ya bango na kuondoka. Colby alibaki anamtazama kama mtu asiyemfahamu. Hakuna aliyemwita tena Mama Ligi Kuu.

Halina alimgeukia Lamont, machozi yakimtiririka. "Nisamehe, kaka. Usihame kwa ajili yangu."

Lamont aliinama juu ya uzio. "Kuuza rangi hakunipi aibu, Halina. Kilichoniuma ni kuona nakutia aibu wewe. Nilidhani nikiondoka utapumua."

"Sitapumua."

"Basi nitabaki mpaka mkataba uishe. Ila kabichi unapika wewe."

Mama Irena, aliyekuwa nyuma yao akisikiliza yote, hakumbembeleza binti yake. Alimngoja amalize kulia. Halina akauliza kama Tessa atamsamehe.

"Sijui," Mama akasema. "Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kurudi ni ndefu, na utaitembea mwenyewe. Ulifikiri ukiificha kazi ya Lamont utampandisha cheo. Mwanangu, mtu anayekula jasho lake hana cha kufichwa. Siku ile dukani, aliyekuwa na la kuficha ni wewe peke yako."