Betri Iliyonuka Mvua

Anjelina alichomoa ufunguo wa baiskeli yake, gurudumu la nyuma likaendelea kuzunguka. Lilizunguka polepole, baiskeli ikiwa imesimama uani kwa stendi yake. Akalishika, likatulia. Akasema, ah, fundi huyu naye, akaingia zake ndani kunywa chai.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya umeme. Ilikuja na kontena la mitumba, miaka ile biashara ilipofunguliwa na Dodoma ikajaa vitu ambavyo hata mafundi walivikodolea macho. Polio ilimwachia Anjelina mguu mmoja tu wa kutegemea, na kabla ya baiskeli kaka yake ndiye aliyembeba mgongoni kwenda sokoni kuuza khanga, mtu mzima na akili zake, watoto wakimcheka njia nzima. Aliapa habebwi tena. Betri ya zamani ilipoanza kumzimikia kwenye kilima cha kwake, akamwambia fundi Halfani amfungie kubwa zaidi, na Halfani akamfungia moja ya kujaza maji, nzito kama jiwe la kusagia.

Tangu hapo ua ulinuka mvua. Ile harufu ya vumbi likipigwa na matone ya kwanza, na huo ulikuwa mwezi wa kumi, jua linapasua kichwa, mbinguni hakuna hata wingu la kusingizia! Ndani ya betri maji yakasikika yakipigapiga, kama mtu anatikisa kibuyu.

Mchana mmoja akitoka sokoni, usukani ulimgeuka mikononi. Akakata umeme, baiskeli ikaenda, akabana breki, ikaenda, akaung'oa waya wenyewe kwenye betri, ikazidi kwenda, ikampita muuza karanga, ikazipita nyumba za mwisho, ikashika barabara ya Kondoa huku upepo ukimjaza mchanga kinywani, na chini ya kiti sauti ikamwambia, kama chungu kinachochemka, "Nirudishe kwetu."

Mkojo ulimtoka, tusifichane. Lakini hasira zilimpanda kuliko woga.

"Kwenu wapi? Nani alikukaribisha?" Akachomoa spana kapuni, akaigandamiza kwenye kizibo cha betri. "Simama! Ama nakumwaga hapa hapa mchangani, jua likunywe."

Baiskeli ikasimama.

Alikwenda nayo moja kwa moja kwa Halfani. Fundi hakuweza kumtazama usoni.

"Dada Anje, maji ya betri yaliadimika madukani. Yakikosekana, sisi mafundi tunatumia maji ya mvua, unajua. Sasa kiangazi hiki mvua naitoa wapi? Nilipokwenda kwetu Kondoa nikayakuta kwenye shimo la jiwe, safi kabisa."

"Jiwe gani?"

Akanong'ona. "Lile la matambiko. Wanapoombea mvua."

"Mungu wangu, Halfani!"

"Nimemuuliza bibi yangu. Anasema yarudishwe, na baiskeli ibaki kule kule. Huyo mwenye maji ameshaikalia. Ni kiti chake."

"Kiti chake? Hii ni miguu yangu!"

Akakataa katakata. Akaipiga betri kofi, akaiambia: umeingia kwangu, utafanya kazi. Na ikafanya. Haikuchajiwa tena, na kilima alikipanda kama hakipo.

Lakini Krismasi ilipita bila mvua. Mawingu yalionekana upande wa Mlali, yakatawanyika. Mbegu ziliungua ardhini, mbuzi wakaanza kufa, makanisa na misikiti ikaomba. Dodoma nzima ilinuka vumbi, isipokuwa ua wa Anjelina. Alijua kwa nini, na usingizi ukamhama.

Halfani akaja asubuhi moja, sauti chini. "Dada, watu watakufa njaa. Twende tukaiache kule."

Anjelina aliilalia baiskeli yake akalia, akalia kweli kweli. Kisha akajifuta kwa khanga.

"Mvua yao nitaitoa. Baiskeli siachi."

Akafungua vizibo vyote, akamwamuru Halfani ashike upande wa pili, wakaiinamisha betri pale pale uani. Maji yakamwagika yakitoa povu, na sauti ikalia kutoka mavumbini, ndogo, yenye hofu.

"Si hapa. Nipeleke. Kwetu mbali."

"Tembea," Anjelina akasema. "Mimi nimetambaa utoto wangu wote na hakuna jini aliyenionea huruma. Kondoa ni huko. Tembea!"

Maji hayakuzama. Yalijikusanya, yakatulia kidogo kana kwamba yanafikiri, halafu nyayo mbichi zikaanza kujichora kwenye vumbi kuelekea langoni: mmoja umekanyaga sawasawa, mwingine umeburutwa. Halfani alipouona ule mburuto akautazama mguu wa Anjelina, akaanza kusoma dua kwa midomo iliyokauka.

Anjelina akajikokota hadi langoni. Nyayo zilishafika barabarani, zinakwenda kwa shida, zikiacha unyevu. Mbali, upande wa Kondoa, radi ikanguruma.

"Kaza mwendo!" akazipigia kelele. "Watu wana mashamba!"