Chungu Nilichokataa Kukivunja

Jioni ile nilitoka kutafuta kokoto tu. Ndoo mbili za kokoto za chujio la tangi la samaki, nirudi nyumbani nipashe supu. Ilikuwa Novemba, na bwawa la kijiji lilikuwa limetolewa maji kama kila mwaka. Samaki walishavuliwa na kutiwa kwenye mapipa, wanaume wakaenda kunywa chai yao yenye pombe ya ramu. Bwawani lilibaki tope na harufu yake.

Mume wangu, Hynek, alikufa maji humo mwezi wa tatu. Alikwenda kuchota maji ya tangi lake la samaki, mbishi yule, mtumbwi ukarudi mtupu. Tulimpata siku ya tatu kwenye matete. Nikamzika. Lakini tangi likabaki sebuleni, kioo cha mita mbili, kavu, limekula ukuta mzima. Nilimgombeza kwa ajili ya tangi hilo mpaka wiki aliyokufa. Sasa nilitaka nilimalize mwenyewe. Niliona nikilimaliza, labda nitapata usingizi.

Daftari lake lilieleza kila kitu. Pipa la plastiki. Chini kokoto, juu yake mkaa, kisha soksi ndefu za Mila, ndiye mimi ("usimwambie"), sponji, na juu kabisa vigae. "Vunja vyungu vya udongo," aliandika. "Vigae vina vitundu, vijidudu vya kusafisha maji hukaa humo."

Nami vyungu nikaviona, katikati ya bwawa. Vitatu, vidogo kama vikombe, vimepinduliwa mdomo chini, vimepangwa mstari.

Tope lilikuwa kila mahali. Vyenyewe vilikuwa visafi.

"Shemeji! Viache hivyo!"

Alikuwa Vendelin, mdogo wake Hynek, mlinzi wa bwawa. Alisimama juu ya tuta.

"Kwani vya nani?"

"Vya mwenyewe."

"Mwenyewe nani, Vendelin? Umeshalewa saa hizi?"

Akashuka, akaja kuninong'oneza. Bwawani mna bwana mmoja, akasema, wa koti la kijani. Pindo lake la kushoto halikauki hata siku moja. Mtu akizama, mwili anaurudisha. Pumzi anaifunika chini ya chungu, anabaki nayo.

"Ya kazi gani?"

"Upweke, shemeji. Anazisikiliza."

Nilimcheka. Nikavitia vyungu ndooni, kila kimoja na bonge la tope mdomoni, huku nacheka, na Vendelin akaondoka bila kuniaga.

Nyumbani nilitandika gazeti mezani, nikachukua nyundo. Nikapiga cha kwanza.

Kilikohoa.

Kikohozi cha mtoto... halafu harufu ya maziwa ya moto. Pazia likapepea, na dirisha lilikuwa limefungwa. Nikajiambia ni hewa ya tope, Mila, acha ujinga. Nikapiga cha pili. Ikatoka pumzi ndefu, ya mzee, yenye tumbaku ya kiko, kama ya mtu aliyetua mzigo. Pazia likapepea tena.

Nikainua nyundo juu ya cha tatu.

Ndani yake mtu alisafisha koo. Mara mbili. Hynek alifanya hivyo kila alipotaka kuniomba radhi.

"Mila..."

Nyundo ilinidondoka mguuni, wala sikusikia maumivu.

Sikukivunja. Ningekivunjaje? Vigae vya vile viwili nikavitia pipani juu ya sponji, hicho kimoja nikakiweka tangini, mdomo chini vilevile, nikajaza maji, nikawasha pampu. Maji yakapanda bombani, yakapita kwenye vigae, sponji, soksi zangu, mkaa na kokoto, yakarudi meupe kabisa. Mume wangu alijua kazi yake. Nikavuta kiti mpaka kwenye kioo.

"Umeniibia soksi, mwizi wee!"

Mapovu yakatoka chini ya chungu, mawili, matatu. Alicheka. Jamani, alicheka! Nililia nikakumbatia kioo kile baridi.

Kisha akasema, "Fungua, Mila. Nimechoka."

"Nikifungua utakwenda?"

"Ndiyo."

"Basi kesho," nikamwambia.

Siku ya saba, giza linaanza kuingia, mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia mkononi, koti la kijani. Alinuka tope. Pindo lake la kushoto lilidondosha maji kwenye ngazi yangu. Tap... tap...

"Habari za jioni, mama. Naulizia vyungu vyangu."

"Nimevivunja."

"Vyote?"

"Vyote."

Nyuma yangu, tangini, mtu akasafisha koo. Mara mbili.

Alisikia. Nilishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, nikasubiri anisukume apite. Hakunisukuma. Alinitazama kwa huruma, na mpaka leo nisichoweza kusahau ni huruma ile.

"Kaa nacho," alinong'ona. "Nayajua hayo. Mimi pia nilianza na mtu mmoja."

Akavaa kofia, akashuka ngazi.

Huu ni msimu wa pili wa baridi. Vendelin hufika Jumapili, husimama mlangoni, haingii. "Shemeji, mwache kaka yangu aende zake," husema, na macho yake mekundu. Namwambia nitamwacha. Na ni kweli nataka. Nilimpenda mtu yule, sikumpenda ili nimfungie.

Lakini nyumba hii ikinyamaza mimi nitafanya nini?

Siku hizi Hynek hacheki tena. Haniiti Mila. Kila jioni husema neno moja tu, fungua, kwa sauti ya mtu anayemwomba asiyemjua. Kila jioni nachukua nyundo, natia mkono majini hadi kwenye kiwiko, nakigusa chungu. Kina joto.

Asubuhi nilianika sketi yangu juu ya jiko. Imekauka yote isipokuwa pindo la kushoto. Nimelikamua mara tatu, nimelipiga pasi. Bado linadondosha maji sakafuni hapa ninapokaa.

Anaita tena sasa hivi. Nyundo iko mapajani.

Kesho, Hynek. Haki ya Mungu, kesho.