Pumzi Ndani ya Maji Yaliyotulia

Pampu ilikuwa imezimwa tangu Ijumaa, na Jumatatu asubuhi maji kwenye mfereji wa vioo wa majaribio yalikuwa yametulia tuli. Lakini mstari wa vipimo kwenye kompyuta ulikuwa unapanda na kushuka.

Kanoko, mgeni katika maabara ile ya Sendai, akazima taa, akatazama tena. Miali miwili ya leza ya kijani ilikutana katikati ya maji; kila chembe iliyopita pale ilimeta, na kwa kumeta huko mashine ilipima mwendo wa maji. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizolowa, ingawa zake zilikuwa kavu.

"Dada Chizuru," akanong'ona, "maji yanapumua."

"Labda yamekuchoka," Chizuru, mtafiti wa siku nyingi pale, akamjibu.

Alikuwa na kinyongo, tena si kidogo. Miaka yote aliusugua mfereji ule kwa mikono yake, kisha profesa akamkabidhi huyu binti wa juzi. Wivu ulimkaba hata chakula hakikushuka. Kanoko angekosa vipimo safi, mfereji ungerudi kwa Chizuru. Basi maji yakitaka kupumua, yapumue.

Wiki haikuisha, Kanoko akaja na alama nyekundu shingoni. Alisema kila akiinamia kioo, vidole vya baridi humshika koo. Profesa, ambaye huwacheka watu wa hirizi, akamwita kimyakimya kuhani wa hekalu la jirani. Taa zilizimwa, wote wakasimama kando ya mfereji; kuhani akarusha chumvi kwenye pembe za chumba, akapunga tawi lake la kutakasia, akasimama ghafla.

"Huyu si mfu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni roho ya mtu aliye hai. Wivu umemtoka, unatembea peke yake, na mwenyewe hajui. Mimi siwezi kuifukuza. Mwenye roho ndiye wa kuirudisha."

Chizuru alitaka kucheka, lakini mle gizani macho yake yakaangukia kwenye ule mstari, akauona unapanda kifua chake kikipanda, unashuka kikishuka, akajaribu kuharakisha nao ukaharakisha, mpaka akabana pumzi. Mstari ukalala.

"Ameniachia," Kanoko akasema, akilia kwa furaha. Akakiegemea kile kioo kama mwenye nyumba, na profesa akampigapiga begani.

Chizuru aliwatazama mpaka kifua kikamwaka moto. Kisha akavuta pumzi, ndefu, ya kushiba. Kanoko akajishika koo.

Chizuru akavuta nyingine.