Virungu vya Chiriku

Basi la shule lilikuwa limekwisha kuvuka geti, watoto ndani wakiimba kwa fujo, pale Dada alipoinua mkono. Hakupunga. Aliuinua tu, akaushusha, akajikuna shingo. Kwenye dirisha la tatu mdogo wake, aliyeitwa Chiriku kwa kutofunga mdomo, alikuwa akitikisa virungu vyake viwili vya kupigia marimba.

"Dada! Nikirudi nakuonyesha kikombe!"

"Nenda zako," Dada alijibu, lakini kwa sauti ya chini.

Dada alikuwa amepiga marimba miaka miwili katika kundi la shule. Chiriku alianza juzijuzi tu, na mwalimu wa muziki akamchagua yeye kwenda kwenye mashindano. Hilo Dada angelimeza. Lililomkwama kooni ni virungu. Baba yao, seremala, alimchongea Chiriku virungu vipya: mipini myembamba iliyopigwa msasa mpaka ikateleza, vichwa vya mpira vilivyozungushiwa uzi mwekundu wa sufu. Dada miaka yote alipigia vile vya shule, vilivyochakaa kwa kushikwa na kila mtu.

Kwa hiyo jana yake, Chiriku alipokwenda kuoga, Dada alizungusha kichwa cha kirungu kimoja mpaka kikang'oka. Akakwangua gundi yote kwa kisu, akakirudisha kama kilivyokuwa. Kitachomoka katikati ya wimbo, ukumbi mzima utacheka. Basi, alitaka hicho tu.

Basi lilipopotea alikwenda karakana kumsaidia baba, aliyekuwa akichimba tundu la kitasa kwenye mlango wa mteja. Baba aliinua nyundo yake ya mbao juu ya patasi, akasita, akaitikisa karibu na sikio.

"Inacheza hii. Nipe nyingine, Fundi." Hivyo ndivyo alivyomwita Dada wakiwa kazini.

"Si imelegea kidogo tu, baba?"

"Kidogo? Unamjua fundi rangi wa hapo jirani, mwenye jicho moja? Kamuulize kichwa cha nyundo kilikuwa kimelegea kidogo au sana. Wala hakuwa anapiga yeye. Alikuwa anapita zake."

Dada alikumbuka ukumbi. Mbele ya marimba ya Chiriku husimama waimbaji, na safu ya kwanza ni vitoto vya darasa la pili.

"Baba," alisema, "kirungu cha Chiriku hakina gundi. Nimeikwangua mimi."

Baba aliweka patasi chini. Akampigia mwalimu simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akatia nyundo, kisu na vipande vya mbao ngumu ndani ya mfuko, akatoa baiskeli.

"Panda."

Baba alikanyaga pedeli kwa nguvu. Kisha Dada akasema mgongoni kwa baba yake, "Umemtengenezea yeye tu."

"Vya shule ni vinene kwa vidole vyake. Wewe nikaona vinakutosha. Sikukuuliza, na hapo nimekosa. Lakini kosa langu ungeniletea mimi."

Walifika nyuma ya ukumbi ikiwa imebaki shule moja kabla yao. Baba alimsukuma Dada mbele. "Sema mwenyewe."

Akasema yote, mwalimu na kundi zima wakisikia. Chiriku alikitazama kirungu chake. Halafu akafuta machozi kwa kiwiko.

"Mbona hukunizaba kibao tu? Ungenizaba kibao, saa hizi tungeshamaliza!"

"Gundi inakauka kwa muda gani?" mwalimu aliuliza. "Tuna dakika kumi."

"Haihitaji gundi, mwalimu," alisema Dada. "Tunatia kabari."

Akapasua kidogo ncha ya mpini kwa kisu, akavisha kichwa, akachonga kijiti chembamba kama ukucha. Baba akashika mpini wima. Dada akagonga kijiti kwa nyundo ya mbao, taratibu, mara tatu, kikazama kwenye ule ufa na kubana. Akampa Chiriku.

"Kivute. Kwa nguvu zako zote."

Hakikutoka.

Wimbo ulipoanza, baba na Dada walikuwa wamekaa nje kwenye ngazi.

"Wivu hata mimi ninao," baba alisema. "Fundi mwenzangu akipata kazi nzuri, chakula hakishuki. Lakini sigusi zana yake. Ukibanwa na wivu, useme: na mimi nataka. Ukiuficha, utaitafutia mikono yako kazi mbaya, na atakayeumia huenda hata humjui."

Shule yao ilishika nafasi ya nne. Chiriku alikosea mara mbili. Mwalimu alimtoa Dada kwenye kundi kwa muhula mzima. Mwenye mlango alichoka kungoja, akahamia kwa fundi mwingine. Mwaka uliofuata Dada aliomba virungu, na baba akamchongea. Chiriku aliacha marimba, akaingia mpira wa magongo. Anaongea uwanjani mpaka mwamuzi anamkanya. Dada alimaliza shule, akabaki karakana na baba yake. Anatengeneza virungu vya shule nne.