Meno Meusi ya Babra

Kila asubuhi Abbo alichemsha chai ya rangi, akatia tangawizi na sukari nyingi, akaijaza kwenye thamosi zake. Aliipeleka Malaba, mpakani, kwenye foleni ya malori. Mgongoni alimbeba bintiye Babra, mtoto wa miaka miwili, kichwani kofia ya sufu ya manjano.

Babra alikuwa ametoka kuugua malaria. Damu yake ilikuwa imepungua. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa ya maji ya kuongeza damu. Dawa hiyo ilikuwa na ladha ya chuma, kama kulamba msumari. Babra aliitema. Basi Abbo akaona afadhali aichanganye na chai tamu kwenye kikombe chenye kifuniko. Babra akawa anainyonya kidogo kidogo mpaka adhuhuri.

Baada ya wiki chache meno yake ya mbele yakawa meusi.

"Mama Babra," dereva mmoja alimtania, "hii mtoto yako nakula makaa?"

"Makaa nakula wewe! Kunywa chai uende," Abbo alijibu. Lakini hakucheka.

Nyumbani kwao, kijijini Paya, mama mkwe wake alimshika Babra kidevu.

"Ni ile dawa. Inamwozesha mjukuu wangu."

"Walisema aimalize, mama."

"Waliosema wako wapi? Wamekuja kumwangalia?"

Opendi, mume wa Abbo, alikuwa anafunga kamba ya jembe. "Iacheni kwanza," alisema.

Dawa ikaachwa. Meno yakabaki meusi vilevile, na Babra akazidi kulala mchana.

"Mukuju kuna mzee anayajua meno mabaya," mama mkwe alisema. "Anayatoa, mtoto anapona."

"Hapana, mama. Ngoja nimpeleke hospitali."

 Mama mkwe aliendelea kumenya muhogo.

Kesho yake alisema, "Mwache mtoto leo. Jua kali." Abbo akashukuru, akaenda Malaba peke yake.

Aliporudi alimkuta Babra mkekani. Leso iliyokuwa chini ya shavu lake ilikuwa imelowa damu.

"Yule mzee ametoa mawili tu," mama mkwe alisema haraka. "Alitumia spoku ya baiskeli. Aliichoma kwenye moto kwanza."

 Abbo alimfunga mtoto mgongoni akatoka. Mama mkwe akamfuata nyuma, bila viatu.

Hospitalini, daktari wa meno aliitwa Winfred. Alikandamiza ufizi kwa pamba safi mpaka damu ikakata. Kisha akavuta chini kope la Babra. Ndani palikuwa peupe.

"Huyu hana damu. Hakupewa dawa?"

"Tuliiacha," Abbo alisema. "Ilimharibia meno."

Winfred alichukua brashi ndogo, akasugua jino moja polepole. Weusi ukatoka. Jino likawa jeupe kama maziwa.

"Haikuharibu. Iliacha rangi juu tu. Mlimpaje?"

"Ndani ya chai."

"Pole, dada. Chai inazuia dawa kuingia kwenye damu. Tena dawa ikikaa mdomoni muda mrefu, inapaka meno rangi."

Mama mkwe alifungua fundo la leso yake. Alikuwa ameyafunga humo yale meno mawili.

"Na haya?" aliuliza.

Winfred alisita. Kisha akasugua moja. Nalo likawa jeupe.

"Yalikuwa mazima, mama."

 Babra alikuwa akilia.

"Yatarudi?" Abbo aliuliza mwishowe.

"Ya ukubwani huota akikaribia miaka sita au saba. Lakini spoku inaweza kuumiza hata yale ambayo bado yamo ndani ya ufizi. Siwezi kukuahidi."

Babra alilazwa akaongezewa damu. Siku ya kutoka, Winfred aliwaonyesha la kufanya. Dawa ipimwe kwa bomba lake dogo lisilo na sindano, iwekwe ndani ya shavu, mbali na meno ya mbele. Mtoto anywe maji baadaye. Apigwe mswaki asubuhi na jioni, kwa dawa ya meno kidogo kama punje ya mchele. Chai asipewe.

"Chai tamu ya kunyonya kutwa nayo huozesha meno kweli," alisema. "Si kila weusi ni rangi tu. Mkiona weusi, mleteni tuangalie. Msikisie."

Sasa anayempa Babra dawa ni mama mkwe mwenyewe. Damu ya Babra imepanda, anakimbiza kuku uani. Meno yaliyobaki ni meupe. Abbo humsalimia mama mkwe wake kwa heshima kama zamani, lakini akienda Malaba humbeba mtoto. Hamwachi tena.

Jumapili moja jirani alipita njiani na mtoto wa kiume mgongoni. Meno ya mtoto huyo yalikuwa yameanza kuwa meusi.

"Unampeleka wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Mukuju, kwa yule mzee."

Mama mkwe alisimama katikati ya njia. "Geuka. Mpeleke hospitali."

"Kwani wewe, mama, si ulienda kwake?"

"Nilienda. Babra, njoo hapa."

Babra alikuja mbio. Alipofika mbele ya bibi yake, alifungua mdomo wazi bila kuambiwa. Alikwishazoea kuonyeshwa watu.

Jirani aliangalia lile pengo. Kisha akageuka, akashika njia ya hospitali.