Kiti cha Abiria

Kiti cha abiria kilishusha pumzi.

Fundi alikuwa amejikunja chini ya usukani wa lori, tochi mdomoni, akifuata waya mmoja uliokuwa unamlia siku ya pili sasa, aliposikia karibu na sikio lake: fyuuu. Akageuka. Kilikuwa kiti cha upepo, kile kinachopanda na kushuka kwa kadiri ya uzito wa anayekikalia. Alipoingia alikikuta kimelala chini kabisa. Sasa kilikuwa kimepanda vidole vinne, kana kwamba mtu aliyekuwa amekikalia ameinuka ili ampishe.

Akautazama mshale wa upepo. Sifuri. Matangi ya upepo aliyafungua mwenyewe asubuhi yakaisha yote, injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Akaweka kiganja juu ya kitambaa cha kiti. Kilikuwa na joto, lile joto la mahali alipotoka mtu.

“Kompyuta inasemaje?” aliuliza meneja wa karakana, bila kuinua macho mezani.

“Haioni kitu.”

“Basi hakuna kitu. Funga, gari litoke.”

“Bosi, kiti kinapanda chenyewe bila upepo. Dereva alilalamika hivyo hivyo mara mbili, tukamrudishia gari. Hii ni ya tatu.”

“Picha iko wapi? Fomu inataka picha ya kasoro. Niwaandikie nini makao makuu, kwamba kiti kina joto?”

Fundi akageuka, akarudi kwenye lori. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika malori. Alianza enzi za kuweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, ukasikia nozeli ipi inakohoa na ipi imechoka. Siku hizi inasikilizwa skrini. Skrini ikisema mgonjwa ni mzima, basi ni mzima. Na gari likirudi, lawama haiendi kwa skrini. Ukutani palikuwa na ubao wa namba za mafundi, na kila kazi iliyorudi ilibandikwa doa jekundu. Namba saba ilikuwa imeota madoa kama mwenye surua, kwa sababu namba saba ndiye aliyesukumiwa malori yaliyowashinda wenzake. Na wenzake walimwita hivyo hivyo, Namba Saba. Sijui kama kuna aliyewahi kumuuliza jina.

Saa ya chakula walitoka kwa makundi, wakitaniana na kurushiana vitambaa vya grisi. Yeye alibaki na mkate wake na chupa ya chai. Hakuwa mtu wa kununa. Ila tangu mama yake afariki, miezi kumi na moja iliyopita, alikuwa amepoteza ule ustadi wa kuketi na watu. Yeye ndiye kitinda mimba. Dada zake walipoolewa mbali, yeye ndiye aliyebaki nyumbani, akampikia mama uji, akambeba kumpeleka bafuni, akamsomea salamu za wajukuu kwenye simu. Mama alimwita Kitinda. Dada zake walikuwa wameliacha jina hilo tangu alipoota ndevu. Lilibaki kinywani mwa mama tu, na lilizikwa naye.

Kesho yake saa saba mchana, jua limekaa juu ya mabati na karakana imebaki tupu, alikuwa ameiinua kabini ya lori lile, chumba kizima cha dereva, imeinama mbele kama mtu anayetafuta kitu chini. Akaweka chuma cha kuizuia, akakitikisa kuhakikisha, akaingia kati ya kabini na injini kukagua mabomba ya upepo. Kwanza ilikuja harufu: maji ya rejeta yaliyochemka, ile harufu tamu inayong'ang'ania kooni, ingawa injini ilikuwa baridi siku mbili. Kisha juu yake, ndani ya kabini ambamo hamkuwa na mtu, pakasikika kitu kikijivuta, polepole, kutoka upande wa abiria kuja upande wa dereva, kikitulia, kikijivuta tena, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta pa kushika, na fundi akabaki ameikumbatia spana kwa mikono miwili huku jasho likimwingia machoni, akijiambia kwamba ni bati tu linatanuka kwa joto, kwamba hata chuma hujinyoosha, kwamba atahesabu mpaka kumi halafu atoke taratibu kama mtu mwenye akili zake, na alikuwa amefika sita aliposikia, kutoka upande wa lango, sauti ya mama yake, ile ya asubuhi yenye mikwaruzo ya usingizi:

“Kitinda!”

“Naam, mama.”

Aliitika kabla hajafikiri, na miguu ikamtoa, kwa kuwa mama hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Alikuwa amepiga hatua tatu tu kabini ilipoanguka nyuma yake kwa kishindo kilichopukutisha vumbi la paa zima. Chuma cha kuzuia kilikuwa kimelala sakafuni, hakikupinda wala kuvunjika, umbali wa mita mbili kutoka mahali pake.

Langoni hapakuwa na mtu.

Wenzake waliporudi mbio aliwaambia chuma kiliteleza, na lori likabaki kusubiri kabini ikaguliwe. Habari ya sauti aliimeza. Jioni ile, njiani kuelekea nyumbani, alijikuta akilitamka lile jina kimoyomoyo, kama mtu anayenyonya pipi ili isiishe haraka.

Mchana uliofuata alikwenda mwenyewe. Alipanda kabini, akakaa kiti cha dereva, akafunga mlango.

“Mama?”

Kiti cha abiria kikashuka polepole. Fyuuu. Kama mtu anayejiweka sawa asikilize. Harufu ikajaa, nywele zikamsimama shingoni, lakini hakutoka. Alianza kuzungumza. Alisimulia habari ya ubao na madoa yake, ya meneja asiyejua kushika spana, ya bomba la jikoni linalovuja na hana wa kumkumbusha kulikaza. Alizungumza mpaka aliposikia wenzake wakirudi, na aliposhuka alikuwa mwepesi, kama aliyetapika sumu. Akafanya hivyo siku nne.

Siku ya tano akaja dereva wa lori lile. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shati linamning'inia. Alimvuta fundi nyuma ya rundo la matairi.

“Kaka, nikwambie ukweli. Kosa ni langu. Kuna mlima mmoja wa mawe, rejeta ilinichemkia hapo chini yake, jua la utosi. Nikayafungua maji yale ya moto nikayamwaga maweni huko, sikuangalia, sikupiga hata hodi. Nikasikia mtoto analia. Mtoto, kaka! Na pale hakuna hata kibanda.” Akalitupia lori jicho. “Tangu siku ile nina abiria. Utingo wangu aliruka gari likitembea. Safari ya mwisho, kwenye mteremko, usukani ulishikwa. Nililiona bonde mpaka chini kabisa. Nina watoto wanne.”

“Anakuita?” fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

“Kwa sauti ya marehemu baba. Kila safari. Sijaitika na siitiki, maana ukimwitikia umemkaribisha. Wewe je, hajakuita?”

“Hapana,” alisema fundi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na Bibi Cherehani, mshonaji wa viti vya magari, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Madereva walimwendea kwa viti, na kwa mengine ambayo hayakuandikwa kwenye bango lake. Dereva akaenda kumleta. Meneja akasema, “Mimi sijaona kitu na sitaona kitu,” kisha akaenda kusimama dirishani ili aone vizuri.

Bibi aliamuru kiti kifunguliwe kitolewe nje juani. Fundi alifungua nati nne, na kiti ambacho mtu mmoja hukibeba kikawatoa jasho wanaume wanne. Bibi akachuchumaa mbele yake. Hakupiga kelele. Alikisemesha kama anavyosemeshwa mgeni aliyekaa kupita kiasi.

“Tumesikia. Umeunguziwa mwana. Aliyemuunguza ni huyu, hakukuoneni. Msikilize.”

Dereva akapiga magoti kwenye lami. “Nisamehe,” alisema. “Sikuangalia ninapomwaga. Na mimi ni mzazi.”

Harufu ya maji yaliyochemka ikapanda ghafla, nzito, watu wakaziba pua. Kiti kikashusha pumzi ndefu, ndefu mno, kisha kikatulia. Bibi akakisukuma kwa kidole kimoja, kikasogea. Lakini hakusimama. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza simu mbovu, na uso ukambadilika.

“Ameshuka. Ila harudi mlimani. Anasema kuna mtu hapa amemwitikia.” Akawatazama mmoja mmoja. “Nani?”

Mafundi wakatazamana.

“Wanangu, mficha uchi hazai. Na msidhani ni mwema kwa kuwa anaita vizuri. Anayekuita utoke ndiye huyo huyo aliyekuangushia nyumba. Aliyeitika aseme sasa, mbele yangu, nimfungue. Nikishavuka barabara ile, mimi sina uwezo tena.”

Fundi alitazama viatu vyake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Aliwafikiria wenzake, akamfikiria meneja dirishani, akakisikia kicheko chao kabla hawajacheka. Lakini si hicho kilichomzuia. Kilichomzuia ni hesabu ndogo aliyoipiga pale pale: akisema, hakuna mtu atakayemwita Kitinda tena mpaka anaingia kaburini.

“Hakuna,” alisema.

Bibi alimtazama muda mrefu. Akachukua mkoba wake. “Haya. Mimi nimeuliza.”

Lori lilitoka saa kumi. Dereva alipiga honi mpaka akapotea kwenye kona, kama aliyetoka kuoa. Meneja akajaza fomu kwa kalamu yake nzuri: kiti kimekaguliwa, kimefungwa upya, hakina kasoro.

Jioni fundi alipita kwenye duka la jirani kununua mkate. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu, alikuwa amemzoea, miaka yote humwambia “karibu, jirani.” Leo aliinua uso akatabasamu.

“Karibuni, jirani! Poleni na kazi.”

Fundi akageuka. Barabara nyuma yake ilikuwa tupu, vumbi tu na kivuli cha ukuta.

“Unamsemesha nani?”

“Si wewe na mgeni wako.” Mama akachungulia pembeni ya bega lake, na tabasamu likaanza kumpungua. “Mbona haitikii salamu?”

Fundi alipokea mkate, akavuka barabara, akapita nyumba tatu bila kutazama nyuma, akafika kwake. Alifungua. Lakini hakuingia. Alisimama kando, akaushika mlango wazi, akaushika kwa muda mrefu kuliko unaomtosha mtu mmoja kupita, mpaka harufu ile tamu ilipompita usoni ikaelekea ndani.

“Pita, mama,” alisema polepole, majirani wasisikie.