Mdomo Usiotoa Sauti

Siku zile, wajukuu zangu, kila asubuhi mwalimu wetu wa Kifaransa aliandika neno ubaoni, akalikata vipande kwa chaki, nasi darasa zima tukalitamka kwa pamoja. Hata sasa nikifumba macho nayasikia madawati yale yakilia. Mimi nilipanua mdomo kuliko wote, lakini sauti haikutoka hata chembe. Niliogopa kukosea nikachekwa.

Mwalimu, masikini, aliuona mdomo tu. Akasema, "Wewe unayejitahidi hivyo, Ijumaa wazazi wakija utawaongoza wenzako."

Niliyekaa naye dawati moja, tuliyemwita Kasuku, akaninong'oneza, "Hongera, bubu."

Neno la kuongoza lilikuwa *travaillons*, yaani tufanye kazi. Nilirudi nyumbani miguu mizito. Shangazi yangu, dobi, alikuwa akikamua mashuka uani.

"Mbona uso umekuvimba?"

"Shangazi, nimechaguliwa kuongoza Kifaransa."

"Hilo nalo la kulilia?"

"Sijawahi kutamka hata neno. Huwa nachezesha midomo tu."

Shangazi alicheka mpaka akakalia ndoo. Kisha akanipa ncha ya shuka. "Kamua. Kesho kamwambie mwalimu ukweli kabla Ijumaa haijakusemea."

Kesho yake nikasema, mbele ya wote. Mwalimu akaliandika neno ubaoni.

"Haya, litamke sasa."

"Tra-va-i-lons," nikasema. Darasa likaangua kicheko, Kasuku akicheka kuliko wote.

"Kasuku, tusaidie."

"Tra-va-lon," akasema Kasuku. Kicheko kikahamia kwake.

Mwalimu akafuta ubao, akachora vistari upya. "Vipande ni vitatu. Tra. Va. Yon. Hizo *l* mbili msizitamke. Hapo inasikika *y*, kama ya yai. Mwishoni pumzi ipite puani, wala ulimi usiguse meno. Tena."

Nilikosea mara sita, kwa sauti. Ya saba ikakaa.

Ijumaa niliongoza. Sauti ilitetemeka mwanzoni, halafu wenzangu wakaipokea, na shangazi akasimama mlangoni, vidole vimekunjamana kwa maji, akisikiliza lugha asiyoijua.

Tulipomaliza, mwalimu aliniwekea mkono begani, akawaambia wazazi, "Huyu alinificha sauti yake miezi mitatu. Juzi alikosea mara sita, nikamsahihisha mara sita. Mtoto anayekosea kwa sauti namfundisha. Anayejificha, nitamfundishaje?"